Kutenganisha vipande vya DNA kwa jeli ya agarosi: mwongozo kamili kwa mfano wa PCR ya malaria

Jeli nyingi huharibika kabla swichi haijawashwa. Bafa (maji ya chumvi yanayopitisha umeme na kutuliza pH) imezimuliwa vibaya, agarosi, yaani unga wa kutengenezea jeli, haikuyeyuka yote, kitana kinachoacha vishimo vya sampuli kimegusa sakafu ya trei, au mtu amemimina jeli ya asilimia 1 kwa vipande vinavyohitaji asilimia 2. Umeme wenyewe hauna ufundi mkubwa. Ndiyo maana hapa tutakaa sana kwenye maandalizi na usomaji, na tutapita haraka kwenye saa moja ya kusubiri.

Mfano tutakaoufuata ni PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) ya hatua mbili ya kutambua spishi za vimelea vya malaria, iliyochapishwa na Georges Snounou na wenzake mwaka 1993 na ambayo bado inatumika sana katika utafiti wa malaria. Inalenga jeni ya 18S ya kimelea. Hatua ya kwanza, kwa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) rPLU5 na rPLU6, hutoa kipande cha takriban jozi za besi 1,200; jozi za besi ndizo kipimo cha urefu wa DNA. Hatua ya pili hufanywa katika mirija tofauti, kila spishi na praima zake: Plasmodium falciparum hutoa kipande cha jozi 205, P. malariae 144, P. vivax 120, na P. ovale karibu 800. Jibu la mgonjwa ni urefu wa kipande, na kazi ya jeli ni kuusoma urefu huo.

Kwa nini vipande vinatengana

Uti wa mgongo wa DNA una fosfeti zenye chaji hasi, kwa hiyo DNA hukimbilia elektrodi chanya. Lakini chaji huongezeka sambamba na urefu. Kipande kirefu kinavutwa kwa nguvu zaidi, na kinakwama kwenye maji kwa kiasi hichohicho. Ndani ya maji matupu vyote vingekwenda pamoja. Kinachovitenganisha ni wavu wa agarosi: kifupi hupenya upesi, kirefu hulazimika kujipinda na kujikokota. Ukiongeza agarosi matundu yanakuwa madogo.

Agarosi hutoka kwenye mwani mwekundu, hasa wa jenasi Gelidium na Gracilaria. Mwani unaolimwa Zanzibar, Eucheuma na Kappaphycus, hutoa karagini, ambayo nayo hugandisha vyakula na dawa za meno lakini ina chaji nyingi mno kwa kazi hii. Hata agarosi ya bei rahisi ina mabaki ya salfeti yanayovuruga mwendo wa DNA, na ndiyo tofauti kubwa kati ya kopo la bei nafuu na la bei ghali.

Asilimia ya jeli

Kwa DNA nzima ya jenomu au plasmidi ndefu (DNA ya duara ya bakteria), tumia asilimia 0.7 hadi 0.8. Asilimia 1 inafaa vipande vya jozi 500 hadi 10,000, asilimia 1.5 vya 200 hadi 3,000, na asilimia 2 vya kati ya 100 na 2,000. Ukitaka kutenganisha vipande vilivyo chini ya 200 vinavyokaribiana, panda hadi 2.5 au 3, ukijua kwamba uji wa asilimia 3 ni mzito, hushika mapovu, na huganda kabla hujamaliza kumimina.

Kwa mfano wetu, bidhaa za hatua ya pili zinataka asilimia 2. Ukitaka 120 na 144 zionekane wazi kuwa si kitu kimoja, tengeneza 2.5. Usiitumie jeli hiyo ya 2.5 kukagua kipande cha 1,200 cha hatua ya kwanza. Kitabaki juu karibu na vishimo na hutajua kama ni 1,200 au 1,500.

Bafa

Kuna bafa mbili za kawaida: TAE (Tris, asidi asetiki na EDTA) na TBE (Tris, asidi ya boriki na EDTA). TAE ni rahisi, na DNA utakayoikata kwenye jeli kwa ajili ya kuunganisha au kusoma mfuatano hutoka safi zaidi, maana borati iliyomo kwenye TBE husumbua baadhi ya vimeng'enya. TBE huhimili mkondo kwa muda mrefu zaidi na hutoa bendi (mistari ya DNA kwenye jeli) kali kwa vipande vifupi. Kwa malaria sisi huchagua TBE ya 0.5X; X huonyesha ukali wa bafa, 10X ikiwa kali mara kumi ya 1X.

TBE ya 10X, lita moja: Tris besi gramu 108, asidi ya boriki gramu 55, na mililita 40 za EDTA ya mola 0.5 yenye pH 8.0, ongeza maji hadi lita moja. TAE ya 50X, lita moja: Tris besi gramu 242, asidi asetiki isiyozimuliwa mililita 57.1, na mililita 100 za EDTA hiyohiyo. Asidi asetiki ifanyiwe kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa.

EDTA yenyewe huwatesa wanaoanza. Unapima gramu 186.1 za chumvi ya disodiamu yenye maji mawili, unatia mililita 800 za maji, unakoroga nusu saa, na unga umekaa vilevile. Haina ubovu, haiyeyuki mpaka pH ikaribie 8. Ongeza vidonge vya hidroksidi ya sodiamu kidogo kidogo, takriban gramu 20 kwa jumla, na utaona maji yanang'aa ghafla. Hapo ndipo unapofikisha lita moja.

TBE ya 10X ikikaa wiki kadhaa hutua mashapo meupe. Usiitumie ikiwa na mashapo, kwa sababu ulichobaki nacho juu si 10X tena. Ukiona hali hiyo inajirudia, tengeneza ya 5X.

Kupata lita moja ya TBE 0.5X, chukua mililita 50 za 10X na mililita 950 za maji. Kwa TAE 1X, mililita 20 za 50X na 980 za maji. Maji yawe yaliyokenekwa au yaliyoondolewa ayoni. Maji ya kisima ya miji ya pwani, ambayo mara nyingi yana chumvi, huongeza mkondo na joto, na jeli hulegea katikati ya safari.

Kuyeyusha na kumimina

Trei ya sentimita 10 kwa 10, unene wa milimita 5, inataka mililita 50. Asilimia 2 ya mililita 50 ni gramu 1 ya agarosi.

Tia bafa baridi kwenye chupa ya koniko ya mililita 250, kisha nyunyiza unga huku ukizungusha. Ukianza na unga halafu ukamimina bafa, utapata madonge. Iache iloane dakika tano. Pima uzito wa chupa nzima na uandike.

Weka kwenye maikrowevu kwa vipindi vya sekunde 30, ukitoa na kuzungusha taratibu kila mara. Tahadhari: uji huu unaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu, kisha ukafoka mara unapoutikisa. Vaa glavu za joto na uelekeze mdomo wa chupa mbali na uso. Endelea mpaka ukiinua chupa kwenye mwanga usione vipunje vinavyong'aa kama vigae vya kioo. Hivyo ni agarosi isiyoyeyuka, na kila kimoja kitapinda bendi itakayopita juu yake. Kama huna maikrowevu, chupa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka inatosha, ila uwe mvumilivu ukiwa nyanda za juu: Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, na agarosi ya kawaida huyeyuka karibu na 90.

Rudisha chupa kwenye mizani. Uzito uliopungua ni maji yaliyoruka. Yafidie kwa maji moto yaliyokenekwa. Bila hatua hii jeli yako ya asilimia 2 inaweza kuwa 2.3 leo na 2.1 kesho, na picha mbili hazitalinganishika.

Iache ipoe hadi nyuzi 60, yaani uweze kuishika chupa kwa glavu nyepesi bila kuiachia. Ikiwa moto zaidi hupinda trei ya akriliki na kuvuja kwenye utepe.

Sasa tia rangi. Ethidiamu bromaidi hutunzwa kwa miligramu 10 kwa mililita, mikrolita 2.5 katika mililita 50 hutoa mikrogramu 0.5 kwa mililita. Hujipenyeza kati ya besi za DNA na inashukiwa kusababisha mabadiliko ya jeni, kwa hiyo vaa glavu za naitraili, tenga meza yake, na usiguse kitasa cha mlango kwa glavu hizo. SYBR Safe ya 10,000X hutiwa mikrolita 5 kwa mililita 50, na faida yake kubwa ni kwamba inasomeka kwa mwanga wa bluu bila UV (mionzi ya urujuanimno).

Ethidiamu ina tabia moja inayoponza watu wa malaria. Yenyewe ina chaji chanya, hivyo husafiri kinyume na DNA. Baada ya saa moja sehemu ya chini ya jeli imebaki na rangi kidogo, na hapo ndipo vilipo vipande vya 120 na 144. Sampuli yenye vimelea huonekana kama haina. Dawa ni kuweka ethidiamu ya kiwango hichohicho kwenye bafa ya tangi pia, au kutia rangi baadaye: loweka jeli kwenye mikrogramu 0.5 kwa mililita dakika 30, kisha isuuze kwa maji dakika 15. Kwa vipande vifupi tunapendelea njia ya pili ingawa inakula muda.

Ziba ncha za trei kwa utepe, ihakiki kwa pimamaji, weka kitana kikiwa juu ya sakafu kwa milimita 1. Kikigusa chini, vishimo vitakuwa vimetoboka na sampuli zako zitakimbilia chini ya jeli. Mimina taratibu kutoka kona moja, sukumia mapovu pembeni kwa ncha ya pipeti, na uiache dakika 30.

Agarosi ya kawaida huganda karibu na nyuzi 36. Chumba kisicho na kiyoyozi mjini Dar es Salaam mwezi Februari hakiko mbali na hapo, kwa hiyo jeli huonekana imeganda na bado ni laini. Ipeleke kwenye friji dakika 15 kabla ya kung'oa kitana. Mwagia bafa kidogo juu yake kwanza, kisha vuta kitana wima. Bafa huingia vishimoni na kuzuia kuta zisipasuke.

Kupakia

Ondoa utepe. Inachekesha kulisema, lakini jeli iliyosahauliwa utepe haipitishi mkondo, na rangi hukaa vishimoni nusu saa nzima. Weka jeli tangini, vishimo vikiwa upande wa elektrodi hasi, ule mweusi. Mimina bafa ileile uliyotengenezea jeli, ifunike kwa milimita 3 hadi 5. Ikizidi, mkondo mwingi unapita juu ya jeli badala ya ndani yake.

Rangi ya kupakilia ya 6X ina kazi mbili: kuzamisha sampuli na kukuonyesha ilipofika. Ukiitengeneza mwenyewe, tumia gliseroli asilimia 30 na bromofenoli bluu asilimia 0.25. Changanya mikrolita 1 ya rangi na mikrolita 5 za bidhaa ya PCR. Baadhi ya michanganyiko ya PCR huja na rangi tayari, soma lebo. Katika jeli ya asilimia 2, bromofenoli bluu husafiri pamoja na vipande vya kati ya jozi 70 na 150 kulingana na bafa, na ikiwa nyingi hufunika bendi iliyo chini yake kama kivuli. Kwa P. vivax na P. malariae, punguza rangi hiyo au tumia Orange G, ambayo hutangulia mbele zaidi.

Kabla hujashika pipeti, chora ramani ya vishimo kwenye daftari. Lada (mchanganyiko wa vipande vya urefu unaojulikana) ya jozi 50 au 100 iwe ya kwanza, mikrolita 5, na nyingine upande wa pili kama jeli ni pana. Kisha sampuli, kisha vya kulinganishia: udhibiti wa uchujaji wa DNA (uliopitia hatua za kutoa DNA bila sampuli), udhibiti wa maji (PCR yenye maji badala ya DNA) na, mbali nao, udhibiti chanya (DNA ya kimelea kinachojulikana). Ukiuweka udhibiti chanya jirani na maji, tone moja lililofurika linaweza kukufanya utupe kazi ya siku mbili.

Shikilia pipeti kwa mikono miwili, kiwiko mezani. Ncha iwe ndani ya bafa, kwenye mdomo wa kishimo, bila kuzama ndani kabisa. Sukuma polepole hadi kituo cha kwanza tu; cha pili hutoa povu linalorusha sampuli nje. Usiachie kidole mpaka ncha imetoka kwenye bafa, la sivyo utainyonya upya. Usijaze kishimo zaidi ya theluthi mbili.

Kuwasha

Volti huhesabiwa kwa umbali kati ya elektrodi mbili, si kwa urefu wa jeli. Tangi lenye sentimita 15 kati ya nyaya likipewa volti 90 linapata volti 6 kwa sentimita, na hapo ndipo penye usalama. Kiwango kinachofaa ni volti 5 hadi 8 kwa sentimita. Ukiwa na haraka ukatia 150, jeli itapata joto, katikati itakimbia kuliko pembeni, na bendi zitajipinda kama tabasamu.

Ndani ya dakika moja uone vipovu kwenye nyaya, vingi zaidi upande mweusi, kwa kuwa huko inatoka haidrojeni. Baada ya dakika tano rangi iwe imeanza kutoka vishimoni kuelekea upande mwekundu. Ikielekea kwingine, zima, geuza trei, na kama hujachelewa utaiokoa. Mkondo ukisoma sifuri, angalia mfuniko na waya. Ukisoma mkubwa kupita ulivyozoea kwenye tangi lako, bafa haikuzimuliwa: mtu amemimina 10X.

Dakika 60 hadi 70 zinatosha. Simamisha rangi ikiwa imefika theluthi mbili ya jeli. Umeme ukikatika kwa dakika kumi, endelea ukirudi. Ukikatika kwa saa nzima, vipande vifupi vitakuwa vimesambaa na bendi zitafifia kingo. Kagua pia kama kifaa chako hujiwasha chenyewe umeme unaporudi. Vingi hubaki vimezima huku wewe ukidhani kazi inaendelea.

Kusoma

Ethidiamu husomwa kwa UV ya nanomita 302 au karibu na hapo. Vaa kinga ya uso mzima, na usisahau vifundo vya mikono kati ya glavu na koti, huungua.

Usianze na sampuli. Anza na lada: kama haikufunguka vizuri, hakuna urefu unaoweza kuutaja. Kisha kishimo cha maji. Kikiwa na bendi ya 205, matokeo yote chanya ya siku hiyo hayana maana, hata yawe mazuri namna gani. Kisha udhibiti chanya, kisha wa uchujaji. Sampuli ni za mwisho.

Kupima urefu, kumbuka kwamba umbali unaendana na logi ya urefu. Tuseme, kutoka ukingo wa kishimo, bendi ya lada ya 200 ipo milimita 48 na ya 100 ipo milimita 62. Logi ya 200 ni 2.301, ya 100 ni 2.000, tofauti 0.301 igawe kwa milimita 14, upate 0.0215 kwa kila milimita. Sampuli iko milimita 54.5, yaani 6.5 chini ya bendi ya 200. Zidisha: 0.140. Toa kwenye 2.301: 2.161. Kinyume cha logi hiyo ni jozi 145. Ni P. malariae. Katika jeli hiyohiyo, kipande cha 120 kingekaa karibu milimita 58, tofauti ya chini ya milimita 4 tu. Na kipande cha 205 kiko nusu milimita tu juu ya bendi ya 200, kwa hiyo usikisome kwa macho ukadai umeona 205 na si 200. Kilinganishe na udhibiti chanya ulio kwenye jeli moja.

Ukungu ulio chini ya jozi 100, hata kwenye kishimo cha maji, kwa kawaida ni praima zilizoshikana zenyewe. Si kimelea. Mng'ao uliobaki kishimoni ni DNA ndefu ya binadamu au protini. Na ukiwahi kupakia plasmidi isiyokatwa, usiilinganishe na lada: iliyojisokota hukimbia kuliko urefu wake, iliyolegea hubaki nyuma.

Inapokataa

Hakuna bendi popote, hata lada: rangi haikutiwa, au ulikimbiza mpaka DNA ikatoka nje ya jeli. Lada ipo na udhibiti chanya haupo: jeli ni nzima, rudi kwenye PCR. Moshi mrefu badala ya bendi: DNA nyingi mno kishimoni, au imekatikakatika, pakia robo ya kiasi hicho uone. Bendi zimevimba na kuinama katika sampuli moja tu wakati jirani zake ziko sawa: sampuli hiyo ina chumvi nyingi. Zote zimepinda upande mmoja: trei haikuwa sawa au waya umekatika sehemu. Jeli imeyeyuka kabisa: bafa kali, ama volti zimezidi. Na kama DNA haisogei wakati mkondo ni mdogo mno, kuna mtu alitengeneza jeli kwa maji badala ya bafa. Hutokea zaidi ya watu wanavyokiri.

Bendi zinazojitokeza kwenye maji wiki baada ya wiki zinahitaji maelezo zaidi. PCR ya hatua mbili hutoa mabilioni ya nakala, na kufungua mirija mbele ya jeli husambaza nakala hizo hewani, kwenye pipeti na kwenye mikono ya koti. Pipeti ya chumba cha jeli isirudi kamwe chumba cha kuandaa PCR, wala koti, wala kalamu. Mwelekeo wa kazi kwa siku ni mmoja: kuandaa, kuongeza DNA, jeli, nyumbani.

Jeli na bafa zenye ethidiamu zikusanywe kwenye chombo chake chenye lebo na ziharibiwe kwa utaratibu wa taka za kemikali wa taasisi yako, si kwenye sinki. Tangi lisuuze kwa maji yaliyokenekwa na uliache likauke wazi. Usilifute kwa spiriti: akriliki hupata nyufa ndogondogo ambazo mwezi unaofuata zitaanza kuvuja.